Jiwe Lililokatwa Mara Mbili

Mama alirudi akiwa mdogo kuliko mwanawe. Hilo peke yake lilitosha kuwakunjisha nyuso watu wa mji ule, maana ni watu wanaopenda mambo yakae kwenye mstari: mama mbele, mtoto nyuma, bibi kizee pembeni akilalamikia magoti. Mlima hauijui adabu hiyo. Ulimtoa asubuhi, jua likiwa limeshapanda, kwenye ufa ulio juu ya machimbo ya zamani, akiwa na kanga ileile aliyofunikwa nayo siku mlima ulipoanguka. Akashuka kwa miguu yake mpaka langoni, akabisha hodi kama jirani aliyekuja kuomba chumvi, akasema anaitwa Mwanakombo na amekuja kumchukua mwanawe Sikudhani, mtoto wa miaka saba, aliyemwacha jikoni mtaa wa chini anakula uji.

Sikudhani alikuwa na miaka arobaini. Alikuwa amesimama palepale langoni, amevaa koti lake jeupe la kazi, unga wa mawe umemwingia mpaka kwenye kucha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa mji na kila aliyetoka mlimani alipitia mikononi mwake. Alimtazama yule mwanamke. Miaka thelathini, labda na miwili. Hakuwa na unywele mmoja mweupe. Sikudhani, ambaye mvi zilishamfika nyuma ya masikio, alishika nguzo ya lango akajifanya anaikagua.

Niseme kwanza habari ya mlima, maana asiyeijua atadhani nawasingizia watu hawa wazimu. Zamani, kabla ya upande ule kuwa nchi kavu, palikuwa na bahari, na chini ya bahari palikuwa na volkano, na miguuni mwa volkano palikuwa na chemchemi za maji ya moto zilizotema zinki na chuma na kiberiti bila kupumzika, zikavirundika sakafuni tabaka juu ya tabaka. Bahari ikaondoka. Rundo lile likafunikwa, likakunjwa, likasukumwa ndani, likapikwa, likainuliwa tena likawa mlima, na kando yake watu wakajenga mji. Mpaka leo chemchemi zinafuka chini ya mitaa yake, na kila aliyezaliwa pale ananuka kiberiti kwenye nywele na kwenye jasho. Wenyewe hawaisikii harufu hiyo. Wanaisikia pale tu inapokosekana.

Miaka thelathini na mitatu kabla ya asubuhi ile, au wiki iliyopita, inategemea unamuuliza aliyebaki nje au aliyekuwa ndani, mlima uliuegemea mji. Wenyeji wanaiita siku hiyo Kuelemewa. Mtaa wa juu wote uliingia chini ya mwamba, watu pamoja na vyungu vyao vilivyokuwa mekoni. Waliobaki wakalia, wakakaa matanga, wakazoea. Kisha, baada ya miaka mingi ya kuzoea, ufa ukafunguka na waliozikwa wakaanza kutoka, mmoja leo, mwingine baada ya miezi, wazima, wakijipangusa vumbi. Ungedhani mji ungepiga vigelegele. Mji ulifungua ofisi.

Iliitwa Ofisi ya Kufanana, na mkuu wake alikuwa Bwana Makame, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na asiyemwazima mtu hata moja. Kazi ya ofisi ilikuwa swali moja: huyu aliyetoka ndiye aliyeingia? Mlima, alisema Bwana Makame, unameza sura na sauti na kumbukumbu za watu, na unaweza kuvitema tena kwa mpangilio wowote uupendao. Basi huwezi kumwamini mtu kwa sababu anajua jina la mbuzi wenu. Lazima apimwe. Akipita, aingie nyumbani kwake. Asipopita, avushwe: apande njia peke yake, avuke ukingo wa mlima kwenda Ng'ambo, na asirudi. Kumi na mmoja walikuwa wameshatoka kabla ya Mwanakombo. Wote kumi na mmoja walivushwa.

Wote kumi na mmoja walipimwa na Sikudhani.

"Mwanangu," yule mwanamke alisema pale langoni, akamshika Sikudhani kidevu, akamgeuza uso huku na huku. "Mbona umezeeka hivi? Wamekufanya nini?"

"Bibi," Bwana Makame akaingilia, "hapa humwiti mtu mwanangu mpaka ofisi iseme."

"Na wewe nani?"

"Mimi ndiye ofisi."

"Basi sema upesi, uji unapoa."

Watu waliokusanyika walicheka, kisha wakajikumbuka wakanyamaza. Bi Zaituni muuza maandazi, ambaye ndiye aliyekuwa pua ya mji, alisogea akamnusa yule mwanamke shingoni, akamnusa utosini, kama desturi ilivyotaka. Akarudi nyuma akitikisa kichwa. Hakunuka kitu. Hakunuka hata kidogo kiberiti, alinuka mvua na udongo, basi. Kumi na mmoja waliotangulia walikuwa na harufu ya mbali, ya kubahatisha. Huyu hakuwa nayo kabisa.

"Pua imekataa," alisema Bwana Makame. "Tutazame jiwe. Kengele ya adhuhuri ikilia, tuwe tumemaliza."

Sasa desturi ya mawe. Katika mji ule, mtoto akizaliwa mkunga humchagulia jiwe la asali kutoka machimboni. Ni mbale, yaani jiwe lenye madini, ya zinki, ina rangi ya asali mbichi, na ukiiinua juani mwanga unapenya. Siku ya saba jiwe hukatwa kwa msumeno mara moja, nusu akavishwa mtoto shingoni, nusu ikawekwa katika chumba cha mawe cha mji pamoja na jina lake. Baada ya hapo hakuna msumeno tena. Waliamini, na mimi sicheki maana nimeona watu wazima wakitetemeka kwa jambo hilo, kwamba jiwe likikatwa mara ya pili mwenye jiwe huanguka akafa palepale alipo, awe amelala au anakula. Kwa hiyo mpimaji alipima ukingo tu wa jiwe, pale panapong'arika bila kukatwa. Alilipeleka chini ya mashine waliyoiita Sindano, inayochoma jiwe kwa mwale mwembamba na kusoma kilichomo, naye akahesabu chuma. Chuma ndicho kilichokuwa rahisi kuhesabika, na kila jiwe la asali lilizaliwa na kiasi chake. Nusu iliyobaki mjini ikisema nne katika mia, na nusu ya shingoni ikasema nne, ndiye. Ikisema vingine, siye. Kumi na mmoja walikuja na mawe yaliyogeuka meusi, na chuma chao kilikuwa saba, nane, tisa, kumi.

Wa mwisho kuvushwa alikuwa Mwatatu, mkunga, mwanamke mwenye mikono mipana aliyewakatia mawe nusu ya watu wa mji. Sikudhani alimkumbuka vizuri mno. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wanaopimwa ofisini, amesoma namba, amesema kwa upole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Nipime tena, dada. Umepima ukingoni." Na Sikudhani akajibu kama alivyofundishwa, kwamba haipimwi mara mbili. Mwatatu alitikisa kichwa, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Hakulia. Angelia, labda Sikudhani angepata usingizi.

Alikuwa akilikumbuka hilo alipopokea jiwe la Mwanakombo mkononi. Halikuwa la asali. Halikuwa hata jeusi. Lilikuwa la kijani kizito, kijani cha chupa ya zamani, na upande ambao miaka mingi iliyopita ulipitiwa na msumeno ulikuwa umejisahau ukajijenga upya, ukaota pande zilizonyooka na pembe kali, kana kwamba kuna mtu ndani aliyelichonga akitoka nje. Alijaribu kulikwaruza kwa kisu cha chuma. Kisu ndicho kilichoumia.

Alikaa kwenye hadubini. Kwanza aliitazama nusu ya mjini, nusu yenye jina la mama yake kwa mwandiko wa mkunga aliyekwisha kufa. Chembe za asali zilikuwa zimekaa ovyoovyo, kila moja na umbo lake, kama watoto waliolala chumba kimoja. Kisha akaitazama ile ya kijani. Chembe zake zilikuwa zimepangana tatu tatu, zikikutana kwa pembe sawasawa, kama povu la sabuni linapotulia kwenye beseni. Hivyo ndivyo jiwe linavyokuwa likishapikwa likapoa taratibu: chembe zinasukumana, zinapeana nafasi, mpaka hakuna inayomwonea mwenzake. Sikudhani alilijua hilo kwa muda mrefu. Hakuwahi kujiuliza lilimaanisha nini kwa mtu.

Nani huyu, Sikudhani aliwaza. Kama si yeye, nani huyu anayenishika kidevu? Na kama ni yeye, kwa nini moyo wangu umejificha kama kuku aliyesikia mwewe? Mama alikuwa mkubwa. Mama alikuwa anafika juu ya kabati. Huyu ananifika begani. Lakini mimi ndiye niliyerefuka. Meno niliyokuwa nayo siku ile yote yaling'oka. Ngozi ile imekwisha, nimeioga ikaenda na maji. Kuna kipande gani cha mtoto wa uji kilichobaki ndani ya koti hili, na nani alikipima? Hakuna aliyenipeleka chini ya Sindano. Nilibaki nje ya mlima, basi nikahesabiwa kuwa ni mimi. Watu waliobaki nje hawaulizwi. Wanapewa ofisi.

Alipima ukingo. Zinki ilikuwapo, nyingi. Chuma kilikuwa sita, na nusu ya mjini ilikuwa nne. Na kiberiti, ambacho hakuna jiwe la asali linaloweza kuwa jiwe la asali bila hicho, hakikuwapo kabisa. Mahali pake palikuwa pamekaliwa na alumini, kitu cha udongo, kitu cha matope yaliyofinyangwa.

"Soma," alisema Bwana Makame.

"Sita," alisema Sikudhani. Sauti ilimtoka nyembamba. "Na kiberiti hakipo."

"Basi siye. Pua imekataa, jiwe limekataa. Na jiwe lenyewe si jiwe lake, Sikudhani, unaliona kwa macho. Andika."

Dirishani watu walikuwa wamejazana, pumzi zao zimetia ukungu kwenye kioo. Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha Mwatatu, ameweka mikono magotini, akiitazama Sindano kwa udadisi wa mtu aliyeletewa cherehani mpya. Sikudhani aliishika kalamu. Neno lilikuwa moja tu, na alishaliandika mara kumi na moja bila mkono kukataa. Safari hii mkono ulikataa. Alifikiri: kiberiti hakikuibiwa. Kiberiti kinakimbia joto, kila mtoto aliyewahi kutupa jiwe jikoni anajua, jiko linanuka kutwa nzima na mama anafoka. Kikiondoka, kiti kinabaki wazi. Na atakayekaa kwenye kiti hicho ni yule aliye jirani, na jirani wa mtu aliyezikwa ni udongo. Lakini zinki haikuinuka. Zinki ilikuwa imekaa palepale.

Aliweka kalamu chini.

"Sijamaliza," alisema. "Nimepima ukingo. Nataka kupima katikati."

"Katikati hakufikiki."

"Kunafikika kwa msumeno."

Kioo cha dirisha kililia kwa watu kukisukuma. Bi Zaituni alisema, "Ee Mola wangu," kisha akatafuna andazi bila kujua. Bwana Makame alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisema jiwe halikatwi mara mbili, na kwamba kama huyu si Mwanakombo basi msumeno utampasua Mwanakombo wa kweli ambaye labda bado yumo mlimani, na kama huyu ndiye, basi utamuua hapa kitini, na kwa vyovyote vile Sikudhani atakuwa amemuua mama yake mbele ya mashahidi. Hakuwa anamtisha. Aliamini kila neno, na jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo.

Na Sikudhani naye aliamini, nusu. Tusimfanye shujaa ambaye hakuwa. Alilelewa na imani ile, alilala nayo. Aliligeukia lile kosa ambalo lilikuwa mbele yake, la kumvusha huyu mwanamke kwa sita dhidi ya nne, na lile ambalo lingekuwa nyuma yake baada ya dakika chache, la kumwona anaanguka. Hakuona njia ya tatu. Akamgeukia mwenye jiwe.

"Bibi," alisema, kwa sababu lile neno lingine lilikuwa bado halijaruhusiwa, "nikikata, huenda ukafa."

"Huenda."

"Nisipokata, unavushwa."

"Huko Ng'ambo kuna nini?"

"Hatujui. Hatujawahi kwenda kutazama."

Mwanakombo aliinua nyusi. "Mmepeleka watu mahali ambapo hamjatazama?" Akaugeukia msumeno. "Kata. Mlima mzima umenikalia tumboni miaka yote hiyo unayoisema. Kisumeno hicho kitanifanya nini? Ila kata vizuri, mama. Usiniharakishe kama unakata vitunguu."

Sikudhani alilibana jiwe. Akafungulia maji, akawasha msumeno wa almasi, akapiga moyo konde akashusha mkono. Jiwe lilikuwa gumu kuliko yote aliyowahi kuyagusa. Msumeno ulipiga kelele ukabadilisha sauti, maji yakawa meupe, na muda ukarefuka mpaka akaona anakata tangu utotoni, kwamba alizaliwa akikata, kwamba alikuwa mkunga wa siku ya saba na mtoto wa siku ya saba kwa mkono mmoja. Hakuthubutu kuinua uso kutazama kile kiti. Alisikiliza. Kisha jiwe likaachana likaangukia pande mbili, naye akazima mashine, na katika ukimya ule ikasikika chafya.

Ilikuwa chafya kubwa, ya mtu aliyeingiwa na vumbi puani.

"Afya!" walisema watu wote dirishani kwa pamoja, kwa mazoea, kabla ya kukumbuka walikuwa wanasubiri maiti.

"Asante," alisema Mwanakombo, akajifuta pua kwa pindo la kanga. "Mna vumbi humu."

Sikudhani alicheka, na kicheko kilimtoka na machozi juu yake, akalazimika kushika ukingo wa meza. Hakuna kitu kilichokuwa kimetokea. Miaka yote ya hofu, na hakuna kitu. Aliliokota pande moja, akaliosha, akalinyanyua kwenye mwanga wa mlangoni. Ndani ya ule ukijani, katikati kabisa, mahali ambapo joto lilichelewa kufika na ukijani ukawahi kujifunga pande zote, kulikuwa na punje ya asali. Ndogo, saizi ya mtama. Mwanga ulipita ndani yake.

Aliing'arisha haraka, kwa unga laini kuliko wote alionao, akaipeleka chini ya Sindano. Bwana Makame alikuja kusimama nyuma yake bila kualikwa. Mashine ilisoma. Kiberiti: kipo. Zinki: ipo. Chuma kilikuwa nne katika mia.

"Rudia," alisema Bwana Makame.

Akarudia. Nne.

"Pima tena ule ukijani."

Sita.

"Na nusu ya mjini."

Nne.

Kwa mara ya kwanza Bwana Makame alionekana kama mtu asiyekuwa na ofisi. Aliiinamia ile punje. "Jiwe moja," alisema polepole. "Ndani nne, nje sita. Jiwe moja."

"Jiwe moja," alisema Sikudhani. "Nje limepita kwenye moto, ndani halikufikiwa. Chuma kinaingia na kutoka kwa kadiri ya joto na uzito ulioligandamiza. Wale wengine, jirani zao walikuwa mawe ya chuma, yakapikwa yakaachia chuma, na mawe yao yakakinywa yakawa meusi. Huyu jirani yake alikuwa udongo, akageuka kijani. Bwana Makame, chuma hakimjui mtu. Tulikuwa tunapima safari, tukidhani tunapima msafiri."

Bwana Makame alitafuta kiti akakosa, akakaa sakafuni, kalamu zake tatu zikamwagika. Kati ya wale kumi na mmoja alikuwamo kaka yake, Shomvi, kaka wa tumbo moja, ambaye alimsainia mwenyewe kuvushwa ili mji usiseme anapendelea.

"Kaka yangu alikuwa na tisa," alisema. "Sikudhani. Alikuwa na tisa, nikaona aibu kumtazama."

Sikudhani alichuchumaa mbele yake. Angeweza kumwambia mengi, na alikuwa na haki ya machache kati ya hayo, lakini na yeye alikuwa na kumi na mmoja wake. "Inuka," alisema. "Kengele ya adhuhuri bado. Twende Ng'ambo tukawachukue."

"Mawe yao yako hapa kabatini. Tuyakate kwanza, tuhakikishe."

"Tuyakate tukitafuta nini?"

Bwana Makame aliziokota kalamu zake. Kwa kweli uso wake ulipumzika, kama uso wa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe ni jipu tu.

Walipanda ukingo wa mlima watu watatu, na nyuma yao karibu mji mzima, Bi Zaituni akiwa mbele ya wote na beseni lake la maandazi, maana alisema waliovushwa hawajala. Jua lilikuwa utosini. Njia ilikuwa imeota majani kwa kutopitwa. Mwanakombo alipanda kwa miguu myepesi ya kijana, kila baada ya hatua kadhaa akigeuka kumsubiri mwanawe anayehema, na Sikudhani aliona jinsi jambo hilo lilivyopinduka akashindwa kulikasirikia.

"Nikuulize," alisema Mwanakombo. "Mimi mmeninusa, mmenichoma, mmenikata. Sawa. Na wewe? Nilimwacha mtoto wa miaka saba hana meno ya mbele. Nimekuja nimekuta mtu mzima, mvi kichwani, koti jeupe, ananiita bibi."

Sikudhani alisimama.

"Sikuomba kuliona jiwe lako," alisema mama yake. "Nilikuona pale langoni umeishika nguzo, unajifanya unaikagua. Ulikuwa unafanya hivyohivyo na mlango wa jikoni, ukitaka kulia."

Basi hapo Sikudhani alisema lile neno. Mama. Alilisema mara moja, halikutoka vizuri, akalisema tena. Mama yake alimvuta kichwa akakilaza begani mwake, begani ambako ilibidi Sikudhani ainame, akamnusa nywele kwa kuvuta pumzi ndefu. "Unanuka kiberiti," alisema. "Nilikuwa nimeisahau harufu hii." Wakabaki hivyo mpaka Bi Zaituni akasema kwa nyuma kwamba wenye kulia walie wakitembea.

Ukingoni upepo ulikuwa mkali. Chini, upande wa pili, hakukuwa na shimo wala moto wala giza lile ambalo mji ulikuwa ukilisimulia. Kulikuwa na bonde lenye mahindi. Kulikuwa na vibanda, na moshi wa jiko, na nguo zimeanikwa kwenye kamba. Sikudhani alihesabu nguo, akashindwa, macho yalikuwa yamejaa maji. Miaka tisa, tangu wa kwanza avushwe, watu wale waliishi umbali wa kusikia kengele ya mji, na hakuna aliyepanda mpaka ukingoni kutazama.

Bwana Makame aliita kwanza. Aliita "Kaka!" kwa sauti ya mtoto, na kutoka kwenye mahindi akainuka mwanamume mweusi tii, mwenye kofia ya majani, akakinga macho kwa mkono.

"Nani?"

"Makame!"

"Makame yupi? Yule mwenye kalamu?" Shomvi aliuliza, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Njoo huku, mjinga wewe! Chai ilishapoa zamani!"

Sikudhani aliita majina mengine kwa moyo, bila karatasi, maana aliyajua kama meno yake. Kila jina liliitikiwa. Naam, kutoka kisimani. Naam, kutoka kibandani. Mwingine aliitikia kwa mluzi. Kila itikio lilimtua mzigo mabegani, mpaka alipofika la kumi alikuwa amesimama wima kuliko alivyowahi kusimama ofisini. Akaliita la kumi na moja. Upepo ukapita. Akaliita tena, na safari hii mama yake akaita pamoja naye, kwa nguvu za kifua cha miaka thelathini.

Mwanamke mwenye mikono mipana alitokea mlangoni mwa kibanda cha mwisho, amembeba mtoto mchanga aliyezaliwa hukohuko Ng'ambo, mtoto ambaye shingoni hakuwa na jiwe lolote. Alipanda mteremko taratibu, hakuwa na haraka, mpaka wakatazamana.

"Dada," alisema Mwatatu. "Umekuja kunipima tena?"

"Hapana," alisema Sikudhani, akanyoosha mikono kumpokea mtoto. "Nimekuja kukuchukua."